Eksozi Mpya ya Mika

Watu wa Matema walipopata habari kwamba Mika ananunua gari, walifurahi kwa niaba yake na kwa niaba yao wenyewe. Gari kijijini ni mali ya mmoja na faida ya wengi. Wenye mpunga walianza kuyatazama magunia yao kwa jicho jipya, wenye wagonjwa wakaanza kupanga safari za hospitali, na mjane mmoja anayekaa karibu na kanisa alimwambia Mika uso kwa uso kwamba siku akifa yeye hataki kubebwa na bodaboda. Wote walidhani atanunua kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Mtu anayezunguka Ngana na Ipyana kununua kokoa na kwenda kuiuza mjini, anunue nini kingine?

Mika alinunua gari la mbio.

Lilikuwa jekundu, au liliwahi kuwa jekundu zamani. Lilikuwa na milango miwili, pua ndefu, tumbo karibu na ardhi, na taa zinazofumba na kufumbuka zenyewe. Taa moja ilikuwa imegoma kufumbuka, kwa hiyo likiwashwa usiku lilionekana linamkonyeza kila linayekutana naye. Gari la mbio Kyela! Nchi ambayo tangu Novemba mpaka Mei chura ndiye mwenye haki ya barabara. Lakini mpenda chongo huita kengeza, na Mika alikuwa amelipenda gari hilo tangu hajalijua. Utotoni alikuwa akimwibia dada yake udongo wa kufinyangia ili atengeneze magari, na hata wakati ule hakuwahi kufinyanga lori.

Dada yake huyo ni Neli, na habari hii ni ya Neli kuliko ya Mika. Mama yao alipofariki, Mika alikuwa bado anabebwa mgongoni, na aliyembeba tangu hapo ni Neli. Alimlea kwa vyungu. Udongo wake aliutoa Ikombe kwa mtumbwi, akaukanda, akaufinyanga, akavichoma vyungu ufukweni na kuviuza sokoni siku ya Jumamosi, na kutokana na hivyo vyungu Mika alikula, akavaa, akasoma. Neli alikuwa na mume, Lugano, mvuvi asiyesema sana, na binti mmoja tu, Lucy. Baada ya Lucy hakuja mwingine. Neli aliwapenda wote watatu, ila Mika alikuwa udhaifu wake. Mika akitaka kitu, Neli alitafuta sababu ya kwa nini kitu hicho ni kizuri.

Ndiyo maana alikubali kumsindikiza Kasumulu, mpakani, kwenda kuliona gari. Muuzaji aliitwa Asheri, mfanyabiashara mwenye ndugu Karonga na maneno pande zote mbili za mto wa mpaka.

“Hili lilikuwa la daktari mzee kule Malawi,” Asheri alisema. “Alikuwa akiendea kanisani tu.”

“Kanisa lilikuwa mbali?” Neli aliuliza, maana matairi yalikuwa yamekwisha.

Asheri alicheka. Neli akaupiga mlango kwa kifundo cha kidole, kisha akapiga sehemu ya chini karibu na gurudumu la nyuma. Alifanya bila kufikiri, ndivyo anavyofanya kwa kila chungu kabla hajakitia sokoni. Pale juu palilia. Pale chini palikuwa bubu.

“Hapa pamezibwa,” alisema.

“Mama, hiki siyo chungu,” Asheri alisema, na Mika akacheka pamoja naye, akiwa tayari ameshika usukani na macho yanamng’aa. Neli alimtazama mdogo wake akakosa moyo wa kuendelea. Gari likanunuliwa.

Kwa fundi walienda baadaye, kama mtu aliyeoa kwanza ndipo akauliza ukoo. Fundi Aliko, mwenye gereji yake Kyela mjini, alilala chini ya gari kwa muda mrefu kuliko ilivyokuwa faraja kwa wanaosubiri. Alipotoka alijifuta mikono taratibu.

“Mwaghonile, dada Neli,” alisalimia kwanza, maana alikuwa hajasalimia. Kisha akamgeukia Mika. “Ndugu yangu, gari zuri. Lakini lina umri. Klachi imechoka. Stata ni ya kubembeleza, siku moja itakataa kabisa. Na huu mkanda wa injini sijui umewekwa lini. Hakuna anayejua. Ukikatika ukiwa kwenye mwendo, vyuma vya ndani vinagongana na injini ndiyo basi. Huna gari tena, una banda la kuku.”

“Unaweza kukatika lini?”

“Leo. Au mwaka kesho. Mkanda hauagi.”

Mika alinyong’onyea. Aliko akaendelea, “Halafu bomba la moshi. Eksozi imeoza pale chini ya siti ya nyuma, ina tundu la kuingiza ngumi. Na sakafu hapo juu yake imeliwa na kutu, imefunikwa na zulia tu. Hiyo haiwezi kukulaza njiani. Ila moshi unaingia ndani. Mpaka nikate bomba lote nichomelee jingine, tembea vioo wazi.”

Mika alisikia kwamba haiwezi kumlaza njiani. Hayo mengine yalipita. Tangu siku hiyo hofu yake yote ilihamia kwenye mkanda. Akiendesha, alizima redio asikilize injini. Mlio wowote mpya ulimtoa jasho. Alimwagiza mtu wa Mbeya amtafutie mkanda, yule akaagiza kwa mtu wa Dar, na kila alichopata kwenye kokoa kilikwenda kuusubiri mkanda huo. Kila mwenye gari kuukuu anakijua kifo anachokiogopa, na anakilinda kwa macho yote mawili.

Eksozi nayo ilibaki kuwa kichekesho. Gari lilinguruma kiasi kwamba Mika akitoka Ipinda, wanawake wa Matema walisema tuinjike ugali, shemeji anakuja. Watoto walilikimbilia wakiigiza sauti yake. Mika alicheka nao mwanzoni, halafu akaacha kucheka.

Wakati huohuo matokeo ya darasa la saba yalitoka, na Lucy akachaguliwa kwenda shule ya bweni ya wasichana upande wa Tukuyu. Katika nyumba ile hakuna msichana aliyewahi kufika kidato cha kwanza. Neli mwenyewe alifaulu enzi zake, akakosa wa kumpeleka, nafasi ikapita hivihivi akiwa na mtoto wa mama yake mgongoni. Sasa alitaka jambo moja tu, na alilitaka kwa nguvu zote. Alitaka Lucy ashushwe mlangoni kwa gari, na mjomba wake na mama yake, na sanduku lake la bati, ili walimu waone kwamba mtoto huyu ana watu. Asiwe yule mtoto anayeshuka peke yake kwenye basi na ndoo kichwani. Unaweza kusema ni majivuno. Yalikuwa majivuno, na yalikuwa yake ya kwanza maishani.

“Hapandi humo,” alisema Lugano.

“Baba Lucy.”

“Nimesema mpaka bomba lipone. Juzi nimepanda mpaka Ipinda, nimeshuka kichwa kinaniuma. Bomba lipone, nitatoa ruhusa.”

Lugano akisema neno halirudii, na halirudishi. Neli alimwambia Mika. Mika akashika kichwa. Alisema kuchomelea bomba zima kutakula fedha za mkanda, na mkanda ukikatika huko Tukuyu mlimani hakuna atakayefika shule wala nyumbani. Walikuwa wamekaa nje ya kibanda cha Neli cha kufinyangia, mbele yao udongo umefunikwa kwa majani ya mgomba. Neli aliutazama. Halafu akasema, “Nionyeshe hilo tundu.”

Wafinyanzi wa ufukwe ule wana kanuni yao, na Neli aliinyonya na maziwa. Chungu kikipasuka, unaweza kukiziba. Unatwanga vigae vya zamani, unachanganya na majivu na udongo mbichi, unaziba, unafunga kamba. Lakini tangu siku hiyo chungu hicho ni cha kuwekea mbegu. Hakirudi jikoni na hakipelekwi majini. Udongo mpya haushikani na kitu kilichokwisha kuchomwa, unakaa tu kwa hisani. Kila binti anafundishwa hivyo, na Neli alikuwa amewafundisha wengi.

Lakini hili lilikuwa gari, siyo chungu. Asheri mwenyewe alikwisha kusema.

Lugano alikuwa ziwani. Walilipandisha gari juu ya mawe, Neli akatandika mkeka akaingia chini yake, Lucy akamulika kwa simu na kumletea maji kwenye kibuyu. Neli alizungusha waya kwanza, akapaka, akazungusha waya tena, akapaka, akalainisha kwa kidole gumba kama shingo ya mtungi. Alikataza gari lisiwashwe mpaka udongo ukauke polepole kivulini. Kisha likawashwa kidogo, likazimwa, likawashwa zaidi, kama moto wa vyungu unavyoanzwa kwa nyasi kabla ya kuni. Udongo ukageuka rangi. Ukaiva.

Mara ya mwisho Mika alipowasha, wote watatu walitazamana. Gari lilinguruma kwa adabu. Mtu aliweza kusema neno kando yake na mwenzake akasikia.

“Mama wewe ni fundi!” Lucy alipiga kelele.

Mika alimkumbatia dada yake, tope na vyote. Kisha akashusha sauti. “Msimwambie mtu. Wakijua, wataliita gari la chungu mpaka nife.” Walicheka hadi machozi. Na Mika akatangaza kijijini kwamba amekwenda kwa fundi wa Mbeya akawekewa eksozi mpya kabisa. Fundi Aliko alipoliona likipita Kyela kimyakimya alimwita Mika asimame ili aione kazi ya huyo mwenzake, na Mika akapunga mkono na kupita.

Lugano aliporudi, alilisikiliza gari, akatikisa kichwa kuridhika. Akamuuliza mkewe, “Bomba limetengenezwa kweli?”

“Limetengenezwa,” alisema Neli. Hakusema na nani. Mume hakuuliza, naye aliona furaha kidogo kulificha jambo alilolifanya vizuri.

Likakaa. Gari lilikwenda Ipyana na kurudi, likaenda Ngana kufuata kokoa, likapita kwenye mashimo yote ya wilaya, na udongo ukakaa. Neli alikuwa akichungulia chini yake kila Mika alipokuja kula, na kila mara alirudi jikoni akiimba. Vioo vilifungwa kwa ajili ya vumbi, vikafungwa kwa ajili ya mvua, na hakuna aliyekumbuka tena neno la Aliko. Kelele ndiyo iliyokuwa ikiwakumbusha, na kelele hawakuwa nayo tena.

Siku ya kwenda shule mvua ilianza kabla hawajaaga. Lugano alimshika binti yake mabega, akamwambia asome, akamwambia asiazime nguo za watu, kisha akaenda kupakia sanduku. Godoro lilikunjwa likawekwa siti ya nyuma pamoja na ndoo, na Lucy akajipenyeza hapo katikati, sare yake mpya imepigwa pasi mpaka inakata. “Ndaga, baba,” alishukuru kupitia dirishani. Lugano akakipandisha kile kioo kwa mkono wake mwenyewe ili asilowe.

Kabla ya Ipinda maji yalikuwa yamevuka barabara. Hayakuwa mengi, bodaboda walikuwa wakipita wameinua miguu. Mika alisimama akayatazama, jasho linamtoka.

“Likizima humu katikati, haliwaki tena,” alisema. “Stata leo nimeibembeleza mara nne ndipo ikawaka.”

“Basi usilizime,” alisema Neli.

Akaingia kwa kasi. Maji yalipiga tumbo la gari, mvuke ukapanda pande zote mbili, Lucy akapiga kelele za furaha nyuma. Wakatoka ng’ambo, na injini ilikuwa inakwenda. Mika aligonga usukani akamshukuru Kyala, Mungu wa wazee wake, kwa sauti. Wote watatu walikuwa wakiisikiliza injini. Mvua ilikuwa inapiga bati la gari kiasi kwamba hawakusikia kingine, na hata wangesikia, ni lini mtu aliyeokoka kwenye maji akasimama kuuliza habari za eksozi?

Walipofika Ipinda mvua ilizidi, vifuta vioo vikashindwa. Mika aliegesha ubavuni mwa duka moja, mkia wa gari umeelekea ukutani, akasema ataulizia hali ya barabara mbele. Kulikuwa na mama anayeuza chai kibarazani. Neli alikuwa na baridi. Aligeuka nyuma, akakuta Lucy ameegemea godoro, macho mazito.

“Mama, kichwa kinaniuma kidogo.”

“Hukulala jana kwa kiherehere. Lala sasa. Nitakuletea andazi.”

Mika aliacha gari linawaka. Asingelizima kwa chochote. Vioo vilikuwa juu, redio inaimba taratibu, na ndani mlikuwa na joto zuri. Neli aliufunga mlango polepole asimshtue.

Walikunywa chai. Wenye bodaboda walisema mbele kunapitika, ila wasubiri kidogo mvua ipungue. Mika aliongea kuhusu mkanda. Umefika Mbeya, wakirudi atauchukua. Alionekana mtu aliyetua mzigo. Katikati ya mazungumzo Neli alienda kuchungulia. Kioo kilikuwa na ukungu. Akakifuta kwa kiganja upande wa nje, akamwona Lucy amelala, mdomo wazi kidogo, mkono mmoja juu ya ndoo. Akaona raha. Alifikiri amwamshe ale andazi likiwa la moto, halafu akasema moyoni, mwache mtoto alale, bweni kengele zitamwamsha maisha yake yote. Akarudi kibarazani, akaomba karatasi ya kulifungia lile andazi.

Mvua ilipopungua walikwenda garini. Mika alifungua mlango wake, Neli wake. Kulikuwa na harufu, siyo kali. Neli alinyoosha mkono nyuma akamtikisa Lucy goti, akamwambia andazi limepoa. Akatikisa tena.

Kuna sauti ambayo mtu hutoa mara moja maishani, na watu wa kibarazani pale Ipinda waliisikia wakaacha vikombe.

Hospitalini Kyela mganga alikuwa kijana mpole. Aliwaambia ni hewa ya moshi wa gari. Haionekani, mtu analala tu. Alisema hakuumia. Lucy hakuwa na jeraha lolote, na midomo yake ilikuwa na wekundu kuliko siku zote, kama mtu anayetoka kukimbia. Neli alimsihi mganga ajaribu tena. Mganga alikuwa amejaribu kupita kiasi.

Mika aliondoka, akarudi baadaye, nguo zimeloa tope kifuani. Alikaa chini sakafuni karibu na miguu ya dada yake.

“Aliko ameliinua gari,” alisema. “Bomba liko wazi.”

“Na ule udongo?”

“Kimebaki kipande kwenye waya. Mwingine ulipasukia kwenye maji.”

Neli alikuwa anajua. Alijua tangu mganga aliposema moshi, na aliona kwa macho ya moyo namna chungu cha moto kinavyofanya kikimwagiwa maji baridi, jambo ambalo hata binti wa miaka mitano ufukweni kwao analijua. Hakulia hapo. Aliuliza, “Nani ameona?”

“Aliko tu. Kile kipande nimekitupa. Nimemwambia asiseme, na yeye ni mtu mzima.” Mika aliinua uso. “Dada, gari ni langu. Mimi ndiye niliyelinunua, mimi ndiye niliyewaambia watu nimeweka jipya. Wewe nyamaza. Shemeji akijua, mtaachana, na mtoto huna tena.”

Neli alitaka kumwambia hapana. Alitaka sana. Alisema moyoni kwamba atamwambia Lugano mwenyewe, kwa wakati wake, wakiwa wawili.

Wakati huo haukuja. Nyumba ya msiba haina faragha. Wanawake walilala wamejipanga kama mikate pande zake zote, na Lugano alikaa nje na wanaume, hasemi, hali. Habari zilikuwa zimefika kabla ya maiti. Zilisema Mika alidanganya. Zilisema aliambiwa na fundi akapuuza, akajifanya amekwenda Mbeya, akaokoa fedha kwa roho ya mtoto wa dada yake. Kila neno lilikuwa na ukweli wa kutosha kusimama. Wale waliotegemea kupanda gari lake ndio waliolaani zaidi. Yule mjane wa karibu na kanisa alisema yeye tangu mwanzo aliliona lile jicho moja la gari.

Neli alizisikia habari hizo amelala ukutani, na kila ziliposemwa upya alihisi kitu ambacho hakutaka kukihisi. Alihisi nafuu.

Walimzika Lucy nyuma ya nyumba, karibu na migomba, ndivyo wanavyozika. Mvua ilikuwa imekatika. Mzee wa kanisa aliita kwa zamu watakaotupia udongo. Wazazi walitupia, Lugano kwanza, kisha Neli akishikiliwa kwapani. Wakaitwa baba wadogo na shangazi. Kisha mzee akasema, kwa mazoea ya kazi yake, “Upande wa wajomba.”

Mjomba alikuwa mmoja. Mika alitoka nyuma ya watu, akainama, akachota udongo kwa mkono.

“Weka chini,” alisema Lugano.

Kwaya ilikuwa inaimba. Ikanyamaza sauti moja moja.

“Weka chini huo udongo. Mwanangu hutamgusa tena.” Hakupandisha sauti. “Uliniambia umeweka bomba jipya. Nilimpandisha kwa sababu ya neno lako. Kioo nilikipandisha mimi, kwa mkono huu.” Akauinua mkono wenyewe watu wauone, akaushusha. Halafu akamgeukia mkewe. Macho yake yalikuwa mekundu, na ndani yake kulikuwa na kuomba, kama vile kuna jibu moja linaloweza kumuacha asimame. “Na wewe nilikuuliza. Ukaniambia limetengenezwa. Nani alikuambia?”

Umati wote ulimtazama Neli. Mika naye alimtazama, udongo uko mkononi. Hakumwomba kitu. Uso wake ulikuwa uleule aliokuwa nao akibebwa mgongoni, unamwachia dada ajue njia.

Neli alifungua mdomo ili aseme, ni mimi. Maneno yalikuwa mawili tu na alikuwa ameyaandaa. Akamwona Lugano. Akaona nyumba ile nyuma yake haina mtu mwingine. Akaona kila mwanamke pale aliyenunua chungu kwake.

“Mika,” alisema. “Mika ndiye aliyeniambia.”

Mika alitikisa kichwa kukubali, taratibu, kama mtu aliyeulizwa jambo dogo analolikumbuka vizuri.

“Ni kweli, shemeji,” alisema. “Nilimwambia hivyo.”

Aliuweka ule udongo pembeni, siyo kaburini, akajipangusa kiganja kwenye suruali. Watu walimpisha njia pana kuliko aliyoihitaji. Alikwenda kwa miguu kufuata barabara ya Ipinda, na baadaye kukasikika kwamba amevuka mpaka, yuko Karonga, anapakua mizigo, hasalimiani na watu wa kwao.

Wanawake walimshika Neli, wakamkalisha chini, wakamfunga khanga kiunoni. “Pole, mama Lucy,” walimwambia. “Pole. Ndugu wa tumbo moja ndiye anayekumaliza.”

“Ndiyo,” alisema Neli. “Amenimaliza.”

Kwaya ilianza tena. Lugano alikuja akapiga goti kando ya mkewe, akamshika mkono, mara ya kwanza tangu walipotoka hospitali, akauminya kwa nguvu. Neli naye akauminya wake.